Kiza, Utusitusi na Utata: Neno Moja la Kiingereza Mbele ya Msomaji wa Kikoneni

Katika onyesho la kwanza la tendo la tano la Macbeth, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606, mke wa mfalme anatembea usingizini akiwa na mshumaa mkononi. Daktari na mwanamke mmoja anayemtumikia wamejibanza pembeni wakimsikiliza. Anasugua mikono akijaribu kuondoa damu ambayo hakuna mwingine aionaye, anahesabu milio ya saa, na kati ya maneno hayo yaliyokatikakatika anatamka sentensi ya maneno matatu kuhusu Jehanamu. Neno la tatu ni ‘murky’. Makala haya yanahusu neno hilo, na hasa yale yanayotokea linapofikishwa mbele ya msomaji wa Kiswahili aliyeko mahali mahususi: Kikoneni, katika Kwale ya kusini, bara kidogo kutoka Shimoni na Vanga, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Kuchaguliwa kwa Kikoneni si pambo. Msomaji wa huko ana lugha kadhaa mkononi kwa wakati mmoja. Nyumbani aghalabu husema Chidigo, au Kiduruma, au Kikamba. Shuleni husoma Kiswahili na Kiingereza. Na wengi wao wamesikia Kiarabu cha chuoni na msikitini tangu utotoni. Kwake yeye kutafsiri si zoezi la mtihani tu, ni kazi ya kila siku, hata kama hajapata kuiita kwa jina hilo. Akiulizwa maana ya ‘murky’, yamkini atajibu: giza. Jibu hilo lina haki yake. Dai la makala haya ni kwamba limekuja upesi mno, na kwamba upesi huo umeidhuru si tafsiri peke yake bali na uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao kwa muda mrefu umeliacha neno giza lifanye kazi za maneno mengine.

Neno lenyewe

Shina la neno hili ni la kale. Limo katika Kiingereza cha kale na katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na kote huko lilimaanisha giza. Karne zilivyopita lilijikusanyia maana nyingine. Leo Mwingereza hulitumia kwa mwanga hafifu wa kuonea mashaka. Kwa hewa iliyojaa ukungu au moshi. Kwa maji yaliyochanganyika na tope hata chini yake kusionekane. Kwa hoja isiyoeleweka. Na kwa mambo ya mtu yanayoshukiwa, kama vile maisha yake ya zamani, biashara yake au chanzo cha fedha zake. Magazeti ya Kenya yanayoandikwa kwa Kiingereza yanaipenda sana maana hii ya mwisho.

Ukizitazama maana hizo kwa pamoja utaona kwamba kinachoziunganisha si kukosekana kwa mwanga. Penye giza totoro hakuna kinachoonekana, basi. Penye hali inayozungumzwa hapa, kitu kipo, na kinaonekana nusu. Na nusu hiyo ndiyo inayotisha. Kuna kilichoingia kati ya jicho na kinachotazamwa: moshi, tope, ukungu, au uongo. Kwa hiyo anayefasiri ‘murky’ kwa neno giza huwa amemnyang’anya msomaji kile kidogo alichokuwa akikiona, na pamoja nacho hofu yake.

Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana zote hizo. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa upungufu wa lugha, hoja ambayo husikika kila linapozushwa suala la istilahi. Mtazamo huo haufai. Kiswahili kimezigawa maana hizo kwa mpango wake, na mpango huo unaeleza mengi kuhusu namna wasemaji wake wanavyoifikiria hali ya kuona na kutoona.

Saa ya magharibi

Tuseme kwanza juu ya mwanga. Kikoneni iko yapata nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta. Huko jua likishachwa, kiza huingia kwa haraka. Mwanga wa machweo haudumu hata nusu saa. Mtu aliyekuwa akisuka makuti uani hulazimika kuacha kazi kabla hajamaliza safu. Katika Uskoti, nchi ya Macbeth, mwanga wa jioni katika miezi ya kiangazi hujivuta hadi karibu usiku wa manane. Mwingereza ana muda mrefu wa kukaa ndani ya hali ya nusu mwanga, ya kuitazama, kuiogopa na kuipa majina. Msemaji wa Kiswahili anayo hali hiyo, lakini kwake ni kivuko. Ndiyo maana maneno yake mengi ya wakati huo ni ya mwendo: jua linakuchwa, kiza kinaingia, kunapambazuka, kunakucha. Hata saa zenyewe zimefungamanishwa na sala: hapo kati ya adhana ya magharibi na ile ya isha ndipo kila kitu hubadilika.

Hata hivyo neno la hali, si la mwendo, lipo. Ni utusitusi. Hili ni neno zuri ambalo waandishi wa sasa wanalitumia kwa ubahili usioelezeka. Sauti yake yenyewe, kwa kurudiarudia silabi, inaonyesha kitu kisichotimia. Utusitusi ni wa jioni, wa chumba chenye dirisha dogo, wa siku ya mawingu mazito. Ni jirani wa karibu kabisa wa neno la Kiingereza kwa upande wa mwanga. Lakini utusitusi hauna uchafu. Mtu anaweza kukaa ndani yake akinywa kahawa na wenzake pasipo dhara. Mfasiri akiandika kwamba Jehanamu kuna utusitusi, msomaji wa Kikoneni ataona kibaraza wakati wa magharibi, na huenda akatamani kuketi.

Ukungu nao una kikwazo chake. Katika vilima vya Shimba ukungu hutanda asubuhi, nao ni wa baridi. Unahusiana na umande na mwanzo wa siku. Ghubari ni zito zaidi, lakini linaleta mvua, na mvua katika Kwale ni jambo la kuombewa dua. Inaonekana, basi, kwamba maneno ya Kiswahili ya hali ya hewa isiyo wazi yamebeba kheri kuliko yanavyobeba shari. Pengine hilo halishangazi katika nchi ya jua kali, ambako kivuli ni neema na mwembe ni mahali pa mkutano.

Hapa inafaa kuukumbuka msitu wa kaya. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni anayeingia humo hufungwa kaniki, kitambaa cheusi, na jua la ufukweni hukatika ghafla chini ya miti mikubwa. Mwangaza wa ndani ya kaya ni hafifu, lakini hakuna mzee wa Kidigo atakayekubali kwamba hali hiyo ni ya uovu. Ni hali ya heshima. Kilichofunikwa kimefunikwa kwa sababu kina thamani. Msomaji aliyekulia katika nchi ya kaya, anapofundishwa darasani kwamba giza katika fasihi ni ishara ya ujinga na uovu, anafundishwa kitu ambacho mazingira yake yanakikanusha.

Fundisho hilo lina historia. Stanley alikiita kitabu chake cha 1878 kwa jina lililolifanya bara zima kuwa la giza, na lugha ya wamisionari wa pwani, tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, ilizoea kuwagawa watu kati ya walio nuruni na walio gizani. Mgawanyo huo ulipita ukaingia katika vitabu vya shule, na kutoka hapo katika miongozo ya fasihi. Ni mara ngapi mwanafunzi amesoma mwongozo unaoorodhesha giza chini ya ishara za ujinga, pasipo kuulizwa kama mwandishi anayehakikiwa amelitumia hivyo?

Said Ahmed Mohamed aliipa riwaya yake ya 1988 jina la Kiza katika Nuru. Jina hilo peke yake linatosha kuutia mashaka mgawanyo uliotajwa. Riwaya inahakiki jamii iliyopata uhuru, na uhuru ndio uliotarajiwa kuwa nuru. Kiungo katika jina hilo ni ‘katika’, wala si ‘na’, wala si ‘baada ya’. Kiza hakikufukuzwa na nuru. Kimo ndani yake, kimekaa kama mtoto wa jicho anavyokaa ndani ya jicho lililo wazi. (Inafaa kusema kwa kupita kwamba Kiswahili kiliuona ugonjwa huo wa ukungu wa jicho kuwa mtoto, kitu kinachokua ndani ya mwenyewe. Ni tamathali ambayo Kiingereza hakina.) Tena mwandishi amechagua kiza badala ya giza. Kiza ndilo umbo linalopendwa na washairi wa pwani, na kwa msomaji wa Kikoneni liko karibu zaidi na neno la kwao, chiza. Asije mtu akalihusisha na viza, lile la mayai yaliyooza, ingawa kishawishi ni kikubwa. Wingi wa kiza haujamchafua mtu.

Maji yaliyotibuka

Upande wa maji ni mwepesi zaidi. Mvua za masika zinapobeba udongo hadi mitoni, Mswahili husema maji yametibuka, au yamevurugika. Yote mawili ni maneno ya tendo. Maji hayazaliwi hivyo. Kuna kilichoyatibua, iwe ni mvua, ng’ombe au mtu. Na yakiachwa yatatulia. Ndiyo maana kutibua kumehama kwa urahisi kutoka mtoni hadi katika mambo ya watu: mtu hutibua mazungumzo, hutibua ndoa, na kila mara lugha inatulazimisha kumtafuta aliyefanya hivyo. Sifa ya Kiingereza humwacha mkosaji nje ya sentensi.

Kuna jambo jingine kuhusu maji, nalo halijapewa uzito unaostahili. Kitenzi elea kina maana mbili zinazojulikana: chombo huelea juu ya maji, na jambo humwelea mtu, yaani analifahamu. Kutoka hapo zimepatikana eleza na elewa, maneno ambayo pasipo hayo hakuna ufundishaji wala uhakiki. Kwa hiyo Kiswahili kimeweka ufahamu juu ya uso wa maji. Kilichoeleweka ni kilichoibuka. Kisichoeleweka hakiko gizani, kiko chini. Hali hii huonekana pia katika maneno ya hila: mambo yasiyo halali hufanywa kichinichini, chini kwa chini, au kupitia mlango wa nyuma. Mahali ambapo Mwingereza anaona hewa chafu, Mswahili anaona mkono unaopita chini.

Mfano upo hatua chache kutoka Kikoneni yenyewe. Kilima cha Mrima, ambacho ni msitu na ni kaya, kina madini ya niobiamu na madini mengine adimu. Leseni ya kuchimba ilitolewa Machi 2013 na ikafutwa Agosti mwaka huohuo. Wawekezaji wakaishtaki Serikali ya Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, ambalo mnamo Oktoba 2018 lilikataa madai yao. Mkasa kama huo mwandishi wa habari wa Kiingereza huumaliza kwa sifa moja tu, ile ile inayojadiliwa hapa, na msomaji akaridhika kwamba ameambiwa kitu. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kusema hivyo hivyo hana budi kuchagua: je, mambo yalikuwa na utata, yaani yamefungamana kisheria? Yalitibuliwa, na kama ndivyo, na nani? Au yalifanywa kichinichini? Haya ni madai matatu tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Mtu anaweza kuiona hali hiyo kuwa usumbufu. Kwa mwenye kuthamini ukweli ni bahati.

Fumbo, tata na uvivu wa mhakiki

Sasa yafaa kuingia katika upande ambao ndio mzito kuliko yote, yaani kutoeleweka kwa maneno na kwa kazi za sanaa.

Maneno ya Kiswahili ya hali hii hayatokani na mwanga. Fumbo linatokana na fumba, yaani kufunga: kufumba macho, kufumba kinywa, kufumba mkono. Utata unatokana na tata, kusokotana kama uzi au nyavu. Mzingile ni njia zinazozunguka hata mtu akapotea. Kinyume chake ni wazi, ambalo ni neno la mlango. Kwa hiyo shairi gumu, kwa mujibu wa lugha yenyewe, ni mkono uliofungwa, au ni nyavu zilizosokotana, au ni njia nyingi.

Na hapa sarufi inasaidia uhakiki. Fumba lina kinyume chake ndani ya umbo lake: fumbua. Tata lina tatua. Kiambishi kilekile kinachofungua mlango kinafungua na fumbo. Giza halina kitenzi cha namna hiyo. Mtu hawezi ‘kugizua’. Giza hungojewa lipite, au huwashiwa taa inayotoka nje yake. Methali inayosema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua, isingeweza kutungwa juu ya giza, kwa kuwa mbele ya giza mwerevu na mjinga wako sawa.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, alitunga mashairi ambayo leo yanahitaji maelezo marefu. Wakati wake yalisikika mitaani, katikati ya mvutano wa Mazrui na Seyyid Said, na waliokusudiwa waliyafahamu vizuri, pengine kuliko walivyopenda. Ugumu wake kwa msomaji wa sasa hautokani na kiza kilichomo ndani ya beti. Unatokana na mlango uliofungwa kwa makusudi, na ufunguo wake, ambao ni habari za mji na watu wake, kupotea kwa kiasi kikubwa. Ni kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kuyakusanya, na baadaye kazi ya Hichens na ya Abdulaziz, ndipo milango kadhaa ikafunguka tena. Walichofanya wote hao ni kufumbua.

Linganisha sasa na namna Kezilahabi alivyopokewa. Kichomi kilipotoka mwaka 1974, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya vina na mizani, na ulikuwa na haki ya kuwapo. Lakini zilipokuja Nagona na Mzingile, mwanzoni mwa miaka ya 1990, lawama iligeuka. Sasa ilisemwa kwamba kazi hizo hazieleweki. Kwamba ni za giza. Lawama hiyo imerithiwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi, na bado husikika katika vyumba vya mihadhara. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwandishi mwenyewe alikwisha kutoa jina sahihi la ugumu wake juu ya jalada. Mzingile! Ni njia zinazozunguka. Kuna kuingia na kuna kutoka, na anayetaka kuzipita sharti atembee. Mhakiki anayeiita kazi hiyo giza amejiondolea wajibu wa kutembea. Amedai kwamba hakuna kinachoonekana, ilhali kinachotakiwa ni kufuata uzi.

Haina maana kwamba kila ugumu ni wa heshima. Ziko kazi zisizoeleweka kwa sababu mtunzi mwenyewe hakujua alitakalo, na hizo zina jina lake: ni maji yaliyotibuliwa ili yaonekane na kina. Katika mashairi ya miongo ya karibuni mifano si haba. Lakini kuzitofautisha kazi za namna hii na fumbo la kweli ndiyo kazi hasa ya mhakiki, na hawezi kuifanya akiwa na neno moja tu.

Huzuni nayo yapaswa kutajwa, kwa sababu neno la Kiingereza huigusa kwa mbali. Katika fasihi ya pwani huzuni haikupewa rangi. Imepewa nafasi na uzito. Diwani ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972 na kuchapishwa 1973, inaitwa Sauti ya Dhiki, na dhiki kwa asili yake ya Kiarabu ni wembamba, kubanwa. Kwa mtu aliyefungwa katika chumba cha peke yake, hilo si tamathali. Riwaya ya kwanza ya Katama Mkangi, ya 1975, inaitwa Ukiwa. Hapo nafasi imekuwa kubwa mno na haina watu. Uso wa mwenye huzuni hukunjamana, moyo wake huwa mzito. Akipata habari ya kumshtua ndipo huona kiza, lakini kiza hicho ni cha macho, kwa muda mfupi, na mara nyingi huishia kwa kuanguka.

Dhuluma

Yanabaki maadili. Je, Kiswahili hakioni uovu kuwa kiza? Kinaona, lakini kimelificha jambo hilo ndani ya neno ambalo wasemaji wengi hawalifikirii. Dhuluma imetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao huzaa pia neno la giza. Herufi ni zile zile. Maana ya kuonea ikaja pwani ikakaa katika matumizi ya kila siku, ikazaa dhulumu, dhalimu na mdhulumiwa. Maana ya giza ikabaki zaidi chuoni. Lakini wahubiri hawajauacha uhusiano huo. Hadithi ya Mtume inayosema kwamba dhuluma itakuwa giza Siku ya Kiyama imejengwa juu ya ulinganifu huo wa sauti, na msikilizaji wa Kikoneni anayejua Kiarabu kidogo anausikia.

Hapo ndipo Macbeth anapomkaribia. Mfalme huyo si mtu wa gizani kwa maana ya ujinga. Anajua kila anachofanya. Ni dhalimu, na mkewe ni mshirika wake; na giza wanaloishi ndani yake ni dhuluma yao wenyewe ikiwarudia. Mwalimu wa fasihi anayeanza na neno hili la Kiswahili atafika ndani ya tamthilia haraka kuliko anayeanza na orodha ya ishara.

Moshi na mshumaa

Inafaa sasa kuirudia ile sentensi ya maneno matatu. Mushi alikwisha kuitafsiri tamthilia nzima mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, miaka michache baada ya Nyerere kutoa Kaizari wake, na makala haya hayakusudii kuihukumu kazi hiyo. Linaloulizwa ni nini kimo ndani ya sentensi.

Jibu limo katika tamthilia yenyewe. Katika tendo la kwanza, kabla ya mauaji, mwanamke huyuhuyu aliuomba usiku ujifunike moshi wa Jehanamu, kisu kisije kikaona jeraha kinalolitia. Alichokiomba amekipata. Katika tendo la tano hawezi kulala pasipo taa karibu yake. Mtumishi anasema ndiyo amri yake. Anatembea na mshumaa, na huku ameushika anasema Jehanamu haionekani vizuri. Kwa hiyo neno ‘murky’ hapa si giza tupu, wala si utusitusi. Ni ule moshi.

Msomaji wa Kikoneni, tofauti na inavyodhaniwa, hayuko mbali na picha hiyo. Sura ya 56 ya Kurani, aya ya 43 na ya 44, inataja kivuli cha moshi mweusi kitakachowafunika watu wa motoni, kivuli kisicho baridi wala kisicho na wema. Kwa watu wanaokithamini kivuli kama wanavyokithamini watu wa Kwale, hakuna adhabu iliyobuniwa kwa ukali zaidi: hata neema ya mti imegeuzwa. Na Sura ya 24, aya ya 40, inaeleza kiza cha bahari yenye kina, wimbi juu ya wimbi na mawingu juu yake, hata mtu akiutoa mkono wake karibu asiuone. Wavuvi wa Shimoni na Vanga hawahitaji tanbihi hapo. Mkono, kiza, na mtu anayejaribu kuutazama: hiyo ni picha ya mke wa Macbeth tangu mwanzo hadi mwisho wa onyesho.

Mfasiri, basi, hana haja ya kubuni. Anaweza kuandika kwamba motoni kuna kiza cha moshi, na maana itakuwa imefika, ingawa kwa mtindo wa maelezo. Anaweza kuandika kwamba motoni kumefuka kiza. Hapo kitenzi cha moshi kimebebeshwa kiza, jambo ambalo lugha inaliruhusu ingawa si la kawaida, na ugeni huo unamfaa mtu anayesema akiwa usingizini. Hili ni bora. Lina kasoro moja tu, nayo ni urefu: Kiingereza kina silabi nne, na hapa zimekuwa tisa, katika onyesho ambalo kila neno linatoka kama pumzi iliyokatwa. Mwigizaji angesikika akitoa hoja.

Iko njia ya tatu, ambayo inakiacha kiza chenyewe bila kutajwa na kutumia wakati wa -a- kama unavyosikika pwani: motoni kwafuka. Silabi ni sita. Mwanga, uchafu na joto vyote vimo, na mshumaa ulio mkononi mwake nao unafuka.